Kijiti cha Kumi Kwenye Kopo la Mlimani

Habari ya kifo chake niliipata redioni, katika matangazo ya vifo ya mchana, nikiwa sokoni Jinja nabishana na mteja juu ya kola ya shati. Wasomaji wangu wa kawaida wanajua kwamba mimi ni mwuza mivumba, yaani nguo ambazo Wazungu wameshazivaa wakachoka nazo, na kwamba sipendi kukatizwa katikati ya bei. Lakini mtangazaji alitaja kijiji kimoja cha chini ya ukingo wa Wanale, kule Mbale, kisha akataja kazi za marehemu: askari jela mstaafu, baadaye askari wa hifadhi ya mlimani. Nikanyamaza. Mteja akadhani kunyamaza ni kukubali, akaondoka na shati kwa furaha ambayo hakuistahili, nami nikakaa juu ya robota nikahesabu nilionana na mtu yule mara ngapi. Mara moja. Nikahesabu tena, kama ilivyo desturi yangu. Mara moja tu, kutwa moja, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, na bado nilijua kwamba maziko hayo sitayakosa.

Kuhesabu mara mbili sikuzaliwa nako, nilifundishwa na soko. Anayefungua robota na kuhesabu suruali mara moja atakuwa amejidanganya mwenyewe kabla hajadanganywa na mwenye duka. Tabia hiyo ndiyo iliyonipa ukatibu wa chama chetu cha kuzikana, mtaani kwetu Mpumudde. Kila tukizika, mimi ndiye ninayepita kati ya watu nikihesabu vichwa ili wapishi wajue sahani. Napita mara mbili, na hesabu mbili zikitofautiana, nilikuwa nashika ile ndogo. Hoja yangu ilikuwa kwamba mtu mmoja akizidi atakula na mwenzake, bali chakula kikizidi kitamwagwa. Hoja nzuri, na sijawahi kushindwa nayo kwenye mkutano. Nilishindwa nayo mlimani.

Mwaka ule tulikuwa tumezika mfululizo hata mwenyekiti akasema chama kisipotoka walau siku moja kwa jambo lisilo msiba, wanachama watazoea vibaya. Mmoja akapendekeza twende tukaone wanyama wa Mlima Masaba, kule juu ambako msitu ulikuwa umefanywa hifadhi kwa sheria mpya. Tulijiandikisha tisa. Kati yetu alikuwamo Hajati mmoja mwuza samaki wa Masese, kando ya ziwa, mwanamke mnene wa maneno machache, aliyekuja na samaki wa moshi ndani ya kikapu kana kwamba mlimani kuna njaa ya kitaifa. Mimi nilikuja na makoti tisa ya kuazima kutoka bandani kwangu, maana nilisikia juu kule kuna baridi ya kuuma meno. Niliyahesabu Jinja, nikayahesabu tena tulipoteremka Mbale, na kila aliyevaa koti nilimkumbusha kwamba ameazimwa, hajarithi.

Pale njia ya gari inapoishia palikuwa na kibanda cha mbao chenye jiko la kuni ubavuni, na mbele yake amesimama yeye, mrefu, mguu mmoja mzito kidogo, kofia imenyooka kama imepimwa kwa rula. Alitusalimia kwa Kiswahili cha jela, na wenzangu kadhaa wakarudi hatua nyuma. Msiwalaumu. Huku kwetu watu wa umri wetu walikisikia Kiswahili kwanza kikitoka nyuma ya bunduki, na sikio halisahau haraka. Akatuamuru tuchuchumae wawili wawili, akatuhesabu kwa kutugusa bega. Hajati alimwambia kwamba yeye hachuchumai kwa mtu ambaye hajamnunulia samaki. Afande akafikiri kidogo, akamgusa bega akiwa wima, akaandika kwenye daftari: tisa. Kisha akampa kila mmoja kijiti cha mwanzi, vyote vimekatwa kwa kisu urefu mmoja, akatuonyesha kopo tupu la maziwa ya unga lililokaa barazani. Ukipanda, weka kijiti. Ukishuka, toa kijiti, tupa jikoni. Basi. Wageni wengine, alisema, huona huu ni mchezo wa watoto, na yeye huwaacha waone hivyo.

Nilianza kujadiliana naye kabla hata hatujaingia msituni. Nilitaka anihakikishie idadi ya wanyama. Nilianzia kumi na wawili wakubwa, nikashuka hadi wanane, nikasema nitakubali watano ikiwa mmoja wao ni nyati. Alinisikiliza kwa adabu yote, kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati.

"Mimi hapana hesabu nyama, bwana katibu," akasema. "Mimi nahesabu watu."

Tukapanda. Kwanza ilikuwa miti mikubwa yenye ndevu za kuvu, na mbega weusi wenye mikia myeupe wakitutazama kama wazee wa baraza wanaotazama kesi ndogo. Hao niliwaona sita, na nilipohesabu tena, watano, nikaandika watano. Mbele zaidi miti ikaisha, mianzi ikaanza, imesongamana na kulia kila upepo ukiingia. Kifua changu kikawa kinadai hewa ambayo haikuwapo. Nyati hatukumwona, ila afande alituonyesha mavi yake, bado yanatoka moshi, na nilipouliza kama hayo yanahesabika nusu nyati, alicheka kwa mara ya kwanza.

Tulipopumzika huko juu, Hajati akigawa samaki, nilimwuliza afande sababu ya kopo. Alijibu akiwa anatazama njia tuliyopanda. Jela, alisema, kila jioni kuna hesabu, na askari hali chakula mpaka namba ya wafungwa itimie. Lakini kulikuwa na miaka ile mibaya, sote tunaijua, ambapo watu walichukuliwa usiku na asubuhi namba ilitakiwa itimie vilevile. Aliandika yeye mwenyewe kwamba imetimia, kwa mkono wake, zaidi ya mara moja. Hakutuambia ngapi. Alitusimulia tu kwa sauti ya kawaida, huku akitoa miiba ya samaki: "Namba ilikuwa sawa. Mtu hakuwepo." Hajati akamwongezea samaki bila kuulizwa.

Tulishuka alasiri mvua ikitufuata. Kila mmoja akatoa kijiti chake koponi akakitupa jikoni, na mimi nikasimama pembeni nikihesabu watu, nami nikiwamo: tisa. Nikahesabu tena: tisa. Hesabu mbili zimekubaliana, jambo ambalo ni nadra na lingepaswa kufurahisha. Dereva wa gari letu la kukodi, aliyelala kutwa ndani yake, alikuwa ameshawasha injini. Afande akainamisha kopo. Kikaanguka kijiti kimoja.

Nilimwambia amekata kimoja zaidi. Akasema hakukata. Akakiinua nikione: hakikukatwa kwa kisu, kimevunjwa kwa mkono, na ncha yake bado ina jani bichi. Mtu alipita hapa baada yetu, sisi tukiwa juu. Nikasema ni upepo, au ni mpita njia anayefanya mzaha. Nikamwonyesha sisi tisa tuliosimama mbele yake tukitetemeka, nikamwambia sheria ya hesabu ni kwamba ukiwa na watu tisa na vijiti kumi, kosa liko kwenye vijiti. Ndiyo hoja yangu ile ile ya sahani, nimeivalisha koti.

"Basi ni kumi," akasema, akachukua panga na tochi, akarudi msituni na mguu wake mzito.

Tulisubiri kibandani. Nawaambieni ukweli, nusu saa ya kwanza tulimsema. Dereva alisema jela imemharibu akili. Mimi nilieleza kwa ufasaha jinsi mtu anavyoweza kuwa mtumwa wa kopo. Nusu saa ya pili mvua ikawa mawe, na ukungu ukashuka mpaka hatukuona gari letu lenyewe, na mazungumzo yakapungua. Kile kijiti kilikuwa kimelala barazani pale alipokiweka, nami sikuweza kuacha kukitazama. Kama kweli kuna mtu huko, baridi ile haingemsubiri mpaka kesho. Hajati akachochea moto.

Jua lilikuwa limebaki kidogo tu afande alipotokea, ameinama, mtu mgongoni na gunia shingoni. Alikuwa mama wa makamo wa vijiji vya chini, midomo imekuwa ya kijivu, goti limevimba kama papai. Aliteleza kwenye mianzi. Gunia lilikuwa na malewa, yale machipukizi ya mianzi ambayo watu wa Mbale huyakausha kwa moshi na kuyapika kwa karanga, na ambayo siku hizi yanaruhusiwa kuchumwa siku mbili tu za wiki. Siku ile haikuwa mojawapo. Hajati alinitazama mimi, kati ya watu wote, akasema neno moja tu: "Vua." Nikavua koti langu, la sufu, zuri kuliko yote tisa, nikamvika yule mama, na kwa mara ya kwanza sikumkumbusha mtu kwamba ameazimwa.

Mama aliporudiwa na sauti, mimi niliuliza swali lililokuwa linanisumbua. Mtu anayeingia msituni kwa kujificha, kwa nini aweke kijiti? Alijibu kwa Kimasaba, na afande akatutafsiria, macho yake yakiwa kwenye moto. Vijijini wote wanalijua kopo lile, na siku za ruhusa ndilo linalowapokea. "Anasema malewa aliiba, ndiyo. Lakini bila kijiti, nani angemfuata?"

Sasa msomaji aelewe shida ya afande. Sheria ilimtaka ampeleke mama yule Mbale pamoja na gunia lake, goti au bila goti, na huko angelala mahabusu. Mkubwa wake hupitia daftari kila mwisho wa wiki. Akimwachia bila kuandika, itaonekana amekula naye njama, na baada ya jela hakuwa na kazi nyingine wala mguu wa kuitafutia. Alifungua daftari kwenye ukurasa wetu, pale alipoandika tisa, akashika kalamu, asiandike. Hajati akasogea mpaka karibu na bega lake. Huyu, alisema, ni dada yake, ameshindwa kupanda na wenzake asubuhi akafuata nyuma, andika Masese.

"Masese wanachuma malewa, Hajati?"

"Siku hizi tunachuma kila kitu, afande. Andika."

Hakuandika bado. Akanigeukia mimi. Sauti yake ilikuwa ile aliyotusimulia nayo habari za jela, ya kawaida kabisa. "Bwana katibu. Wewe unahesabu mara mbili. Mlikuwa ngapi?"

Nimeuza nguo miaka mingi na nimesema maneno mengi yasiyo kweli juu ya zipu. Lakini namba sijawahi kuidanganya, ndiyo heshima pekee niliyo nayo. Nikatazama wenzangu wanane, nikatazama mama ndani ya koti langu la sufu, nikakumbuka mtu aliyekuwa akiandika namba zitimie na watu hawapo. Hapa mtu alikuwapo, iliyopungua ni namba.

"Kumi," nikasema.

Akaandika. Kisha akainua kijiti kile kutoka barazani, akampa mama yule akitupe jikoni mwenyewe. Malewa aliyazuia, sheria ni sheria. Nilijaribu kumbembelezea mama apewe nusu, nikashuka hadi robo, na afande hakuteremka hata chipukizi moja. Katika maisha yangu ya biashara sijawahi kushindwa vibaya vile na kufurahi hivyo. Tukamshusha mama kijijini kwake kwa gari letu, na nilirudi Jinja na makoti manane ambayo niliyahesabu mara moja tu.

Basi juzi nikaenda kule chini ya Wanale kumzika. Waandaaji walipojua mimi ni katibu wa chama cha kuzikana wakanipa kazi yangu ya kawaida, nihesabu watu kwa ajili ya sahani. Nikapita mara ya kwanza: themanini na nne. Mara ya pili: themanini na tano. Kisha nikawaambia wapishi themanini na tano. Mpishi mkuu akanung'unika kwamba sahani itabaki, na kweli, watu walipokwisha kuketi na kula, ilibaki sahani moja mezani, imefunikwa kwa jani la mgomba, na mpishi akanitazama kwa ile furaha ya mtu aliyeshinda bei.

Siku nyingine ningemkubalia. Nilichukua sahani ile nikazunguka nyumba. Nyuma ya jiko, juu ya gogo, mguu mmoja amenyoosha mbele, alikaa mwanamke mwenye koti la sufu ambalo nalijua mshono wake. Alisema kwa Kiswahili kidogo alichonacho kwamba goti halimruhusu kukaa chini na watu, na kwamba hakutaka kusumbua. Pembeni yake palikuwa na kikapu cha malewa, na kabla sijauliza, akaniambia kwamba aliyachuma siku ya ruhusa.

Miaka yote nimehesabu ili nisipunjwe, na sioni aibu, ndivyo soko lilivyo. Bwana yule alihesabu ili asimwache mtu nje kwenye mvua, na kazi hiyo ya pili nimeianza nikiwa mzee. Tangu juzi, hesabu zangu mbili zikitofautiana nashika ile kubwa, halafu nainuka kwenda kumtafuta mtu wake.