Nembo Nyeusi ya Duka Langu

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia mkono mmoja mzima, maana kwa huo ndio naandika haya. Mkono wa kulia una vidole viwili visivyokunjika. Vilivunjwa kwa mchi wa kutwangia, asubuhi, mbele ya duka langu, na aliyevivunja ni jirani yangu wa siku nyingi.

Kazi yangu ni kuandika mabango, kuchonga mihuri na kutengeneza kadi za harusi, katika kijiji kilicho kando ya barabara kuu, kati ya Olumbi na Mute. Siku hizi binti yangu huchora kwa kompyuta, mimi nikamalizia kwa brashi. Kabla ya vita, nembo yetu ilikuwa herufi nuni, nyeupe, juu ya ubao mweusi. Niliichagua nuni kwa kuwa ndiyo inayofungua sura ya Kalamu, na mtu anayekula kwa kalamu ataanzia wapi kwingine? Weusi haukuwa na siri. Ilikuwa rangi ya ubao wa shule, iliyobaki baada ya kazi fulani, nikaona haya kuimwaga.

Kisha waasi wa porini walitujia na bendera yao. Nayo ilikuwa nyeusi, yenye maandishi meupe ya Kiarabu. Siku hiyo sikuwaza duka wala nembo. Tulikimbilia vichakani huku tukisikia watu wakiitwa kwa majina yao na kuchinjwa. Mume wa jirani yangu, muuza samaki, walimshika akiwa bado ameshikilia baiskeli yake. Mkewe alikuwa amelala kwenye mihogo, hatua chache tu, na aliona yote. Kabla ya kumkata walimsomea dua.

Tulikaa Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, si kile kisiwa, muda mrefu. Tuliporudi, safu nzima ya maduka ilikuwa majivu: la fundi cherehani, la nafaka, la dawa. Langu lilisimama. Hata kufuli lilikuwa mahali pake. Nami, kwa furaha, nikafanya kosa ambalo mpaka leo naliombea msamaha: nilisujudu sijda ya shukrani pale pale, paji la uso juu ya majivu ya wenzangu, chini ya ubao ule, watu wakinitazama.

Nilipoinuka walikuwa wamenizunguka.

"Mwalimu, duka lako lina dawa gani?" mmoja aliuliza. "Sisi tunazoa majivu, wewe unatafuta ufunguo."

"Ni rehema ya Mungu, wanangu."

"Na rehema huwa nyeusi?"

Nikatazama juu, na hapo ndipo nilipoelewa. Wauaji walipita, wakaona weusi na herufi nyeupe, wakadhani ni pa mwenzao.

Jiwe la kwanza lilinitoa jino. La pili sikuliona. Nilifungwa kamba mikono mbele, nikaburutwa hadi barabarani, na kijana niliyemfundisha alifu na be akanikanyaga shingo. Watu wawili waliupasua ubao kwa shoka. Nikasema, "Nileteeni Msahafu niape."

Mjane wa muuza samaki alikuja na mchi. "Na wao walianza kwa kusoma," akasema, akanipiga mikono iliyofungwa. Mara ya kwanza, mara ya pili. Nilisikia mfupa kabla ya maumivu. Mtu mmoja akainua panga, akaniinamisha kichwa. Nilitamka shahada.

"Basi," akasema yule mama. Alikuwa anahema. "Sitaki mjane mwingine mtaani." Kisha akaniinamia. "Ukiweka kibao kingine, nitakiona mimi kwanza. Nikikiogopa, unahama."

Hakuna aliyempinga, na mimi sikuona ubaya wa sharti lile. Nina makaburi ya wazee wangu pale.

Mkono ulipopungua uvimbe, binti yangu alichora kalamu, nyembamba, yenye ncha kali. Alikuwa na hasira. "Baba, mteja wetu ni yeye?"

"Ndiye, mwanangu."

Tulimpelekea karatasi uani kwake. Aliitazama kidogo tu, akaigeuza kifudifudi. "Panga," akasema. Nami nilipoitazama tena niliona panga.

Nikataka mkono unaoandika, kama ninavyoona katika mabango ya mjini. Binti yangu aliuchora vizuri, mpaka kwenye kifundo.

"Mkono wa nani?" mjane akauliza. "Mwili wake uko wapi?" Akaingia ndani, tukamsikia anatapika.

Binti yangu akasema turudi Pemba, kule kila mtu hufungua duka bila kumwomba jirani ruhusa. Nuni yenyewe nilikuwa nimeshaiacha, na hilo liliniuma zaidi ya vidole. Niliswali istikhara siku kadhaa, nikimwomba Mungu anionyeshe njia. Sikuota chochote. Asubuhi moja nilijaribu kuchora kwa mkono wa kushoto kitu kilicho mbele yangu, nacho kilikuwa kopo la rangi. Lilitoka limepinda upande. Binti yangu alitaka kulinyoosha kwenye kompyuta, nikamkataza. Tulilipaka rangi ya bluu juu ya ubao wa manjano, jina la kazi chini yake kwa herufi za shule.

Mjane alikuja mwenyewe dukani. "Ni nini hicho?"

"Kopo, shemeji."

"Ndani kuna nini?"

"Rangi tu."

"Kopo sijaliona likimchinja mtu," akasema. "Litundike."

Mimi sikuweza kushika nyundo, kwa hiyo binti yangu ndiye aliyepanda ngazi. Kila nyundo ilipogonga, mjane alishtuka mabega, lakini hakuondoka mpaka msumari wa mwisho ulipoingia.