Diski ya Bibi Lusia

Mwalimu Sifaeli alipostaafu, wenzake wa Kihesa pale Iringa walifuga kuku. Yeye akajifunza kuhariri video. Harusi, kipaimara, mahafali ya chekechea, vyote vilipita kwenye kompyuta yake iliyochakaa, akivikata na kuviunga kwa subira ileile ya kusahihisha madaftari.

Mwaka huu mama yake, Bibi Lusia wa Ifunda, alitimiza miaka themanini. Ibada ya shukrani Sifaeli aliirekodi yote kwa simu. Likabaki swali moja: aitoe kwa HD au kwa kiwango cha kawaida?

"Toa HD, dada," alisema mdogo wake Zabron, muuza televisheni wa Mwanjelwa, alipompigia kutoka Mbeya. "Siku hizi nani anatazama picha yenye ukungu?"

"Mama ana tivii ya zamani ya chogo na deki ya diski. Hiyo HD ataichomeka wapi?"

"Nitamletea flati."

Bibi Lusia alipoambiwa aliuliza tu, "Kwani hii yangu imekufa?" Mjadala ukaishia hapo.

Basi Sifaeli akawawekea wajukuu nakala ya HD, kisha akachoma diski ya kawaida. Alipoijaribu kwa jirani mwenye chogo, kioo kilikuwa kimemeza kingo za picha. Badala ya "Lusia Miaka 80" ikasomeka "usia Miaka 8". Alicheka peke yake, akarudi kusogeza maandishi katikati. Siku mbili zikaishia humo, wala hakuzijutia.

Jumapili yeye na Zabron wakaenda Ifunda. Mama alivuta kigoda hadi karibu na kioo. Picha ilikuwa hafifu kweli. Sura za watu wa mlangoni zilikuwa madoa tu. Zabron alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa, mama akanyoosha kidole.

"Huyo anayeingia ni shemeji Masumbuko."

"Mama, sura yenyewe haionekani," Zabron alisema.

"Sura ya nini? Tazama anavyoburuta mguu." Akasogea karibu zaidi. "Kumbe alikuja. Nami nimemnunia tangu siku ile ya ibada, maana kwenye chakula sikumwona."

Zabron akasimamisha picha. Sifaeli akampigia Masumbuko, akampa mama simu.

"Kamwene, shemeji," alimsalimu Bibi Lusia, macho bado kwenye kioo. "Nimekuona hapa. Mbona uliondoka bila kula?"