Ndoo ya Mama Esperansi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo uso unapata joto, ingawa nywele zangu zimeota mvi na wengi waliokuwapo wametawanyika kama mbegu za pamba. Nitakuhadithia, kwa sababu jana nilikusikia ukimwambia mtu mlangoni, "Unajua mimi ni mtoto wa nani?" Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, na yalinigharimu.

Nakumbuka tulikuwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, katika ile miaka ya katikati ya tisini. Tulifika kutoka Bukavu na masanduku mawili na jina kubwa. Baba alikuwa mwimbaji wa dansi. Mama alikuwa sauti ya mchezo wa redio ambao watu walifunga maduka mapema ili wausikilize. Kule kambini baba alishona suruali za watu kwa mashine ya kukodi, na mama alichagua maharage kama wanawake wote. Mimi ndiye niliyekataa kulishusha lile jina begani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mgeni akisalimia tu, nilikuwa nimeshamtajia wazazi wangu kabla hajauliza habari za asubuhi.

Jina hilohilo lilinifikisha Likuni, Lilongwe, kutafuta kazi. Bwana Kachale, Mmalawi mpole aliyepiga video za harusi, aliposikia nilikulia studioni aliamua kunijaribu. Nchi ile wakati huo haikuwa na kituo cha televisheni, lakini yeye alikuwa akisema, "Itakuja, na itahitaji watu." Alinikabidhi kamera, kanda moja na kazi moja: filamu fupi juu ya maji safi, ya kuonyeshwa wagonjwa hospitalini wanaposubiri daktari. "Ijumaa nakuja kuichukua," alisema. "Ikiwa nzuri, una kazi. Ikiwa mbaya, zikomo, asante, tutaagana vizuri."

Basi, Jumatano asubuhi nikasimama kwenye pampu ya kambi, kamera begani, shingo ndefu kama ya korongo. Sasa elewa sheria ya pale. Kila nyumba ilipanga ndoo yake kwenye mstari tangu jogoo la kwanza. Ukishateka, umeshateka; ukitaka tena, unarudi mkiani, na mkia ulifika karibu na kanisa. Hakuna aliyeivunja sheria ile, Mrundi wala Mkongo.

Mama Esperansi, mjane kutoka Burundi, alikuwa ameijaza ndoo yake na alikuwa anajiwekea kata ya kitenge kichwani. Nikatazama kwenye kioo cha kamera nikaona jua lilikuwa upande mbaya. Unajua nilifanya nini, mwanangu? Sikumwomba wala sikumsalimu. Niliishika ile ndoo nikaimwaga.

"Tunarudia," nikasema. "Teka tena, safari hii ugeukie huku."

Maji yakakimbia kwenye vumbi jekundu, yakamezwa.

"Weye mutoto," Mama Esperansi akasema polepole, "unajua nimefika hapa saa ngapi?"

"Mumpe nafasi ateke tena," nikawaambia waliokuwa mbele. "Mimi ni binti wa Mama Riziki wa redioni!"

"Aa, vizuri!" mmoja akadakia kutoka kwenye mstari. "Basi ambia ile redio itutolee maji!"

Wakacheka, lakini si kicheko cha kukaribisha. Kisha mmoja mmoja wakavuta vitenge wakafunika nyuso, wakanipa migongo. Mama Esperansi akaokota ndoo yake tupu, akatembea hadi mkiani. Nikabaki na kamera inayotazama migongo.

Nilikimbia nyumbani. "Mama, njoo useme nao. Wakisikia sauti yako watalainika. Ijumaa yule bwana anakuja!"

Mama hakuinua macho kwenye maharage. "Unajua nilianzaje redioni? Miaka miwili sikusema hata neno. Nilikuwa mtu wa kumimina maji kutoka jagi hadi beseni mbele ya mikrofoni, isikike kama mto. Na tulipomaliza tuliyanywa, hatukuyamwaga." Akapuliza makapi. "Sauti yangu haibebi ndoo, binti yangu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kesho nenda ukateke."

Alhamisi nilipanga ndoo yetu gizani. Kulipokucha Mama Esperansi alinikuta pale, akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Leo umekuya bila ile mashini?"

"Nimekuja kurudisha maji yako, mama. Nisamehe."

"Mama yako tunamujua," akasema. "Si kwa redio. Kila siku anapangaga ndoo hapa nyuma yangu. Weye ndiyo hatukujue."

Neno lile lilinichoma, mwanangu, kwa sababu lilikuwa kweli. Tangu tufike sikuwahi kuuliza maji ya kuoga yalitoka wapi. Lile jina nililowatishia watu nalo, mwenyewe alikuwa anasimama kwenye mstari kimya.

Nikateka, nikajitwisha, nikaelekea kwake. Maji yakanimwagikia shingoni hadi kiunoni. "Muone!" wakapiga kelele. "Mutoto wa redio analowa!" Safari hii nilicheka nao. Nilipoitua mlangoni pake, ilibaki robo tatu. Mama Esperansi akachungulia ndani.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Lakini yanatekwa mengine. Lete ile mashini. Ila upige picha ukiwa ndani ya mustari, na ndoo yako mbele yako, kama siye."

Ndivyo nilivyofanya. Nilirudi mkiani na kamera begani, nikiisukuma ndoo kwa mguu kila mstari uliposogea. Nikapiga mikono inayofunga kata, vifuniko vinavyosuguliwa kwa mchanga, utani, miayo. Zamu yangu ilipofika, vitenge vilikuwa vimeshashuka mabegani.

Ijumaa Bwana Kachale aliitazama kanda yote. Mwishoni akauliza, "Nani amekufundisha kusubiri?" Wala hakuuliza habari za wazazi wangu. Kazi nikaipata. Televisheni ilipokuja nchini miaka michache baadaye, nilikuwa tayari, na nimeongoza vipindi hadi nywele hizi kuota mvi. Katika kila kipindi, kabla ya kusema "anza", nimeuliza kwanza: nani hapa ameamka mapema kuliko mimi?

Basi shika haya, mwanangu. Jina la wazazi ni mlango uliofunguliwa. Kuingia utaingia kwa miguu yako. Usimrudishe mtu mkiani kwa ajili ya picha yako nzuri. Na ukikosea, kama utakavyokosea, usitume sauti ya mama. Beba ndoo mwenyewe, hata ukilowa. Mungu akupe mabega ya kuibeba, watu wa kukucheka kwa upendo, na siku moja wakujue kwa mahali ulipokuwa ukisimama.