Masomo Arobaini na Nane ya Clifton Capuyan

Hebu sema kweli: ulipofundishwa kwa mara ya kwanza kutaja theluji kwa Kiingereza, theluji yenyewe ulikuwa umeiona wapi?

Clifton Capuyan hakuwa ameiona popote. Alikuwa na miaka saba, katika shule ya mbao juu ya mashamba ya mpunga yaliyopangwa ngazi ngazi, na kitabu kilikuwa cha Kimarekani, kilichoachwa na wamisionari. Mwalimu wao, mama mwenye huruma, aliona aibu kuwafundisha herufi ya kwanza, A ya "apple", kwa tunda wasilolijua. Krismasi ile akasafiri hadi mji wa Baguio, akarudi na tufaha moja, akalikata vipande thelathini na nane. Clifton alipokea kipande chembamba kama kucha, akakiweka ulimini, na kabla hajaijua ladha yake kikawa kimekwisha. Akaandika daftarini kwamba tufaha ni tamu. Akawekewa vema.

Miaka ishirini na minane baadaye, akiwa yeye mwenyewe mwalimu wa Kiingereza, bado alikuwa na hasira na kipande kile.

Aliishi La Trinidad, jirani na Baguio, na mkewe Jovita na binti yao Layad, katika nyumba ya mbao na mabati iliyoshikilia mteremko. Darasa lake lilikuwa chumba cha hatua nne kwa tatu, kuta zote zimebandikwa trei za mayai ili watoto wa China wasisikie majogoo wa jirani wala karaoke yake. Kwa miaka sita alifundisha mtandaoni kupitia kampuni ya Kichina. Kampuni ilimpa kila kitu: picha, sentensi, hata mahali pa kutabasamu. Mwaka wa 2021, serikali ya China ilipobana masomo ya ziada ya mtandaoni, kampuni ile ikafunga milango kwa barua ya mistari minne. Wazazi kumi na wanane wakamfuata Clifton chinichini. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wamebaki watano, wote wa mtaa mmoja mjini Chengdu, na msemaji wao alikuwa Mama Ruohan.

Jumatatu moja Mama Ruohan akaandika: "Mwalimu, sasa hakuna kampuni. Tunataka kujua unafundisha kwa mtalaa gani. Ijumaa tufanyie somo la wazi, akina mama tutakaa na watoto. Tukiridhika, tunasaini mwaka mzima."

Mwaka mzima wa watoto watano. Hicho ndicho kipimo kilichokuwa mezani, maana Jovita naye alikuwa na karatasi zake. Alikuwa mwalimu wa chekechea kwa miaka kumi na miwili, hadi janga la korona lilipoifunga shule yake isifunguke tena. Wakala mmoja wa Baguio alikuwa amempatia nafasi ya kazi za ndani Hong Kong, na alimpa mpaka Ijumaa saa kumi na mbili jioni aseme anakwenda au haendi. Akina mama wakisaini, haendi. Wasiposaini, anakwenda, na Layad mwenye miaka mitano atakua akimwona mama yake kwenye simu.

"Chagua kitabu chochote unachotaka, Baba Layad," Jovita alisema. "Mimi ninachoomba ni sahihi zao tu."

Uchaguzi wenyewe haukuwa mrefu. Kulikuwa na masomo yanayouzwa mtandaoni kwa bei ya kikombe cha kahawa, dubu yuleyule akitaja rangi zilezile. Kulikuwa na mtalaa wa Kimarekani, mabuku sita yenye jalada gumu, uliosifiwa na kila mzazi. Na kulikuwa na wa Clifton mwenyewe, wa hadithi na michoro ya Bibi mmoja wa mlimani.

Jumanne akaja Nestor Killip, aliyekuwa naye kwenye kampuni ile na aliyekaa kona mbili chini ya barabara. Akakaa kwenye kiti cha darasa, buti zake za mtindo wa wachunga ng'ombe wa Kimarekani zikining'inia, akaanza.

"Kaka, hilo nalo la kuumiza kichwa? Nunua cha Kimarekani. Kila neno limeandikwa. Wewe unafungua mdomo tu."

"Nimekisoma. Somo la tatu theluji inaanguka. Somo la nne theluji inayeyuka."

"Si ndiyo wanachotaka? Mzazi hanunui Kiingereza, ananunua Marekani."

"Kwa hiyo ndiyo maana ukutani umetundika picha ya ufuko wa California."

"Na nimewaambia nimezaliwa huko," Nestor akasema bila haya. "Hakuna aliyeomba cheti. Wewe endelea na bibi yako wa mlimani, mtakufa njaa pamoja, lakini kwa heshima."

Jovita, aliyekuwa akipita na beseni la nguo, akasimama mlangoni. "Nestor, Manila tu ulitapika ndani ya basi njia nzima. Hiyo California ulizaliwaje bila kutapika?"

Hata Nestor alicheka. Lakini akiondoka alimshika Clifton bega, akamwambia kwa sauti ya chini, "Sikutanii, kaka. Una mke mzuri. Usimwuze kwa ajili ya michoro."

Clifton aliyachukia maneno yale kuliko ambavyo angechukia tusi. Mtalaa wake ulikuwa na masomo arobaini na nane, kazi ya miaka miwili. Katika kila somo, mtoto aitwaye Layad anakwenda nyumbani kwa Bibi na kunakuwa na jambo la kufanya: kuchimba viazi vitamu, kuning'iniza nyama kwenye moshi, kuzuia maji yasibomoe ukingo wa shamba. Michoro yote ilikuwa ya Jovita, kwa rangi za maji. Imani ya Clifton ilikuwa moja, na aliitangaza kwa yeyote aliyekuwa tayari kumsikiliza: mtoto hawezi kuipata lugha mpaka pawe na kitu anachotamani kukijua. Hakuna mtoto duniani anayetamani kujua kwamba dubu ni wa kahawia.

"Lakini umesomea ualimu au siasa?" Jovita humwuliza.

"Kuna tofauti?"

Alhamisi jioni wakaketi pamoja kuchagua somo la kuonyesha. Walitaka lenye uhai kuliko yote, wakakubaliana kwa neno moja: somo la kumi na mbili, Bibi anapika kuku. Kisha wakaanza kulisafisha kwa ajili ya akina mama wa Chengdu. Katika mchoro, Bibi alikuwa na kiko mdomoni.

"Toa kiko," Jovita akasema. "Watasema tunafundisha watoto kuvuta."

Wakafuta kiko. Mikononi Bibi alikuwa na michoro aliyochanjwa ngozini usichanani, kama wazee wote wa rika lake.

"Na hii?"

"Watadhani ni jambazi." Jovita akachovya brashi, akamvalisha Bibi mikono mirefu. Ilimchukua dakika kumi, na alipomaliza aliitazama picha kwa muda. "Amekuwa kama mke wa mchungaji," akasema.

Clifton naye akaondoa matope miguuni mwa Layad na mbwa aliyelala jikoni. Walipitia kila ukurasa mara tatu, wakitafuta chochote kinachoweza kumkera mama wa mjini. Na kila walipofika ukurasa wa tano waliupita wakitabasamu, kwa sababu ulikuwa mchoro bora kuliko yote: Layad amemshika kuku miguu, Bibi anampigapiga mbawa na shingo kwa kijiti, taratibu, kama ifanywavyo katika kila nyumba mlimani kabla kuku hajafa, ili damu ije kwenye ngozi na mchuzi upate ladha yake. Hawakuona kitu pale. Wangeonaje? Wote wawili walilelewa wakigombania kumshika kuku miguu.

Ijumaa saa tisa alasiri kamera zikafunguka. Watoto watano, mama watano, kila mmoja begani kwa wake. Ruohan alikuwa katikati. Alikuwa na miaka minane, na katika miaka mitatu hakuwahi kumjibu Clifton kwa zaidi ya neno moja. Kampuni ilikuwa imeandika kwenye jalada lake kwamba ni mtoto mwelewa ila hana hamu.

Kurasa nne zikaenda vizuri. Ukurasa wa tano ukatokea, na Ruohan akasogeza uso kwenye kioo.

"Anampiga kwa nini?" akauliza kwa Kiingereza.

Clifton alikaribia kuanguka kwenye kiti. Akamweleza. Ruohan akauliza tena. Kuku anaumia? Bibi ana hasira naye? Layad analia? Kwa nini halii? Kuku akikimbia? Wewe ulipiga? Wenzake wakaingilia, wakagombania zamu, sentensi zikitoka zimevunjika lakini zinatembea. Chini ya meza Clifton alikuwa akihesabu kwa vidole. Ruohan peke yake aliuliza maswali tisa.

Wakati huo kamera moja ikazimika. Kisha ya pili. Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, na Clifton akaomba radhi kwa mtandao mbovu wa milimani, akaendelea kufundisha uso umemng'aa. Ya tatu ikazimika. Somo lilipoisha alikuwa na Ruohan na mtoto mwingine mmoja tu, nao walitolewa kwenye skrini wakiwa bado wameinua mikono.

Alitoka akamkuta Jovita jikoni. "Tisa," akamwambia. "Ruohan. Maswali tisa."

"Wamesaini?"

"Watasaini."

Saa kumi na nusu Mama Ruohan akaandika. Hakuwa mtu mbaya, na hata siku ile aliandika kwa adabu.

"Mwalimu, tunakushukuru, watoto walichangamka. Hicho kitabu kinatumika Marekani?"

"Hapana. Nimekiandika mwenyewe."

"Tulifikiri hivyo. Mama Yichen ameshtuka sana. Mtoto wake amelia."

"Ruohan ameuliza maswali tisa, Mama Ruohan. Kwa miaka mitatu hajawahi kuuliza hata moja."

"Ndiyo. Bado anauliza. Amekataa chakula." Kisha ukaja ujumbe mwingine. "Sisi tunakuheshimu, Mwalimu. Kesho tumia mabuku ya Kimarekani na tutasaini wote watano. Usipoweza, kuna mwalimu wa California tumetajiwa. Tunaomba jibu kabla ya saa kumi na mbili."

Clifton alielewa palepale mwalimu wa California alikuwa nani. Damu ikampanda. Alizifungua nakala za mabuku yale ya Kimarekani kwenye kompyuta, buku la pili, somo la saba: baba amerudi kutoka mawindoni, bunduki begani, mbwa amembeba bata mdomoni, shingo ya bata inaning'inia, na mtoto anapiga makofi. Akaupiga picha ukurasa ule, akautuma. Kisha akaandika. Aliandika aya tano. Aliandika juu ya kipande cha tufaha. Aliandika kwamba hatawafundisha watoto wa watu kuona nyumba za Wamarekani tu. Aliandika kwamba kifo cha bata wa Kimarekani hakina harufu, ila cha kuku wa Bibi kinanuka, na awaulize wenzake kwa nini. Kila neno lilikuwa la kweli. Akatuma, na kwa muda wa kuvuta pumzi moja alijiona mtu huru kuliko wote milimani.

Jibu lilikuwa fupi. Mama Ruohan alimtakia afya njema yeye na familia yake.

Alipotoka, Jovita alikuwa bado jikoni, akipepeta mchele.

"Umejibu?"

"Nimejibu."

"Umesema nini?"

"Nimekataa. Walitaka mabuku ya Kimarekani."

Ungo ukasimama. "Walitaka hayo tu? Na wangesaini?"

"Jovita, hawa watu..."

"Nimekuuliza wangesaini?"

"Wangesaini."

Aliuweka ungo chini. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Clifton. "Kutoka kiti chako hadi hapa nilipo ni hatua sita. Hukuziona?"

"Ningekuita ungesema nikubali."

"Ningesema ukubali, ndiyo. Mwaka huu ungefundisha theluji. Mwakani ungemwingiza Bibi ukurasa mmoja, mwaka unaofuata kurasa mbili, na mimi nikiwa hapa namchora. Unafikiri imekuuma wewe peke yako? Mkono uliomchora ni wangu. Uliomvalisha mikono mirefu pia."

"Nilikuwa sahihi," Clifton akasema, na akajisikia anavyosikika.

"Ulikuwa sahihi, mume wangu. Sasa utakaa na usahihi wako, na mimi nitakwenda kufua za watu."

Akachukua simu. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo. Clifton alimsikia akimwambia wakala kwamba ndiyo, yuko tayari, na kwamba asubuhi anaweza kufika saa mbili.

Asubuhi Clifton alimsindikiza hadi Baguio, kwenye ofisi ya wakala, ghorofa ya tatu. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia, basi akasimama kwenye ukumbi wa nje, penye dirisha la kioo. Ndani walikuwa wanawake kumi na wawili, nywele zimefungwa nyuma, fulana za rangi moja. Msichana wa wakala, hakuzidi miaka ishirini na mbili, alikuwa akiwapiga video mmoja mmoja, za kutumwa kwa mabibi, waajiri wa Hong Kong. Jovita akaitwa. Akasimama mbele ya pazia jeupe, akajitambulisha kwa Kiingereza chake safi: jina, umri, mwalimu wa watoto wadogo kwa miaka kumi na miwili.

Msichana akashusha simu. "Dada, hapo pa ualimu toa. Mabibi hawapendi, wanaona mtu atawajibu. Sema umelea watoto. Na tabasamu."

Jovita akarudia. Neno likamtoka tena kwa mazoea. Msichana akatikisa kichwa, wakaanza upya. Mara ya nne Jovita alitaja jina, akataja umri, akasema amelea watoto kwa miaka kumi na miwili, akatabasamu mpaka alipoambiwa inatosha.

"Safi," msichana akasema. "Anayefuata."