Jicho la Mdiria

“Basi nitaipeleka mwenyewe!” mume anafoka, mkono kaunyoosha kuichukua kamera.

“Jaribu,” mkewe anamjibu, ameikumbatia kamera kama mtoto mchanga.

Ni asubuhi, ndani ya studio yao ya picha yenye pazia la bluu na kochi moja. Mwanamke huyu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Ndege, amepata bahati aliyoisubiri miaka: mchapishaji wa kalenda anataka picha yake ya mdiria, ndege mvua samaki, kwa jalada la mwaka ujao, na jina lake chini. Mwisho wa kupokea ni leo saa nane mchana.

Picha ipo. Mdiria anachomoka majini, samaki mdomoni, matone yametapakaa kama shanga. Tatizo ni jicho. Lina ukungu.

“Nani atalitazama jicho? Watu wanatazama rangi!”

“Mtu atatazamana nalo ukutani mwaka mzima. Jicho likifa, ndege kafa.”

Kosa ni la Mama Ndege mwenyewe, wala hamung’unyi maneno. Juzi alipiga picha za familia studioni, kisha akakimbilia bwawani bila kurekebisha kamera. Kasi ya shata, yaani ya kamera kufunguka na kufunga, ikabaki ile ya wateja, ndogo mno kwa ndege.

“Mteja namwambia tulia, anatulia,” anasema. “Mdiria utamwambia nini? Yeye anataka sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, au kasi zaidi. Fokasi imfuate jichoni, kidole kisibanduke, picha zitoke mfululizo. Mwanga ukipungua napandisha aiso, kamera ihisi mwanga zaidi. Chengachenga zinazotokea pichani nazivumilia. Ukungu, hapana.”

Hayo hakufundishwa na mtu. Alianza na lenzi ya mtumba, akilala kifudifudi kwenye tope hadi majirani wakamuuliza mumewe kama mkewe ni mzima. Leo ndege wake wamebandikwa kwenye kuta za shule ya jirani.

“Wanangu wakipita pale wanatembea kwa maringo,” anacheka. “Na mimi pia, nisiseme uongo.”

Simu inaita. Ni mchapishaji.

“Dada, picha iko wapi?”

“Niliyo nayo ina ukungu. Hiyo sikupi. Naenda kupiga nyingine.”

“Na ukikosa? Mashine haimsubiri mtu. Nitaweka ya mwingine.”

“Weka. Afadhali jalada la mwenzangu kuliko langu la aibu.”

Mume anashika kichwa. “Mke wangu, usiache mbachao kwa msala upitao! Tuma hiyo hiyo!”

Mkewe anamjua: akimpa kisogo tu, picha itafika kwa mchapishaji. Anawasha kamera, anaitafuta ile picha, anabonyeza kufuta. Kamera inauliza kama ana uhakika.

Anabonyeza tena.

Mume anakitazama kioo kitupu cha kamera, kisha anamtazama mkewe, ambaye tayari anavaa buti.

“Funga mlango,” anamwambia. “Wewe utabeba stendi ya kamera.”