Kocha Wangu Alizimia Kwenye Ngazi Zangu

Nilimbeba kocha wangu wa mazoezi mgongoni hadi ghorofa ya nne.

Mimi, mstaafu mwenye magoti yanayolia kama bawaba kavu. Yeye, kijana mwenye kifua kama kabati.

Asiyeamini aendelee kusoma. Anayeamini naye aendelee, maana hajasikia yaliyoniudhi.

Aliyeanzisha ni mwanangu wa kwanza. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi ghorofa ya pili, nahema, mfuko wa vitunguu mapajani.

"Baba, lifti imekufa na wewe unaelekea kuifuata. Mnahamia kwangu, kuna chumba cha chini."

"Sihami."

"Basi mwisho wa mwezi nakuja. Ukipanda mpaka juu bila kukaa, mtabaki. Ukikaa tu, nafunga mizigo."

Mke wangu alipopata habari, uso aliukunja. Watoto wetu wote tumewalea kwenye nyumba ile. Kwenda kuomba ruhusa ya kuingia jikoni kwa mkwe wake? Bora alale kwenye ngazi.

Nikaanza kusaka kocha.

Wa kwanza alijipiga picha kwenye kioo changu cha sebuleni, kisha akauliza kama asubuhi mwanga huwa mzuri zaidi. Kwaheri.

Wa pili alinilaza sakafuni nipumue kama paka. Kupumua nilipumua. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Kwaheri na wewe.

Wa tatu ndiye huyo, nikambatiza Kifua.

"Mzee wangu, niachie mimi. Mwisho wa mwezi utaruka kamba."

Kamba! Jamani, huyo mtu alinitesa.

Anafika, anapiga simu: "Mzee, niko getini."

Nashuka, maana kitufe cha kufungulia geti kutoka juu kimekufa, ufunguo wetu ni mmoja, na mke wangu hataki mgeni aushike. Tunapanda. Sijanyoosha hata mkono, Kifua kasahau maji kwenye pikipiki. Anatoka, geti linajifunga.

"Mzee, niko getini."

Nashuka tena. Tunapanda. Sasa kasahau taulo.

Na mimi ni fundi umeme, mjue! Nikafungua kitufe, nikakuta waya umelegea, nikaukaza. Kesho yake umelegea. Nikaukaza. Umelegea! Hata bisibisi yangu ndogo nayo ikapotea.

"Fundi mzima," mke wangu ananichokoza, "unashindwa na kitufe chako mwenyewe?"

Nikawa nashuka nikinung'unika, napanda nikinung'unika. Mazoezi yenyewe, wallahi, sikuyaona.

Siku ya mwanangu ikafika. Kifua alikuwa hajala tangu jana yake, eti misuli ijichore vizuri mbele ya familia. Tukaanza kupanda, yeye mbele, mimi katikati, mwanangu nyuma.

Ghorofa ya pili, palepale pa vitunguu, Kifua akageuza macho, akaniangukia kama gunia.

"Baba, mwache hapo!"

Nimwache, halafu anipigie simu yuko getini?

Nikamtupa mgongoni, nikapanda. Uzito wake msiniulize, kila nikisimulia unaongezeka.

Mke wangu akatupokea na glasi ya maji ya sukari. Kifua akazinduka kwenye kochi letu.

"Tumefika?"

Nikageuka kumtafuta mwanangu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho, anahema, kashika kiuno.

"Vipi," nikamuuliza, "kile chumba cha chini kina nafasi yako?"

Mizigo haikufungwa.

Walipoondoka, jirani aliyesahau ufunguo wake akapiga simu yuko getini. Nikanyoosha mkono kuchukua ufunguo. Mke wangu akanipita, akabonyeza kitufe. Geti likafunguka.

"Hicho si kimekufa?"

Akafungua kopo lake la sindano na nyuzi. Ndani, bisibisi yangu ndogo.

"Wewe!"

"Ukikaza, nangoja ulale mchana, nalegeza. Leo nimekaza mwenyewe. Ningekwambia upande ngazi, ungepanda?"

"Ningepanda."

"Ungetafuta kocha, baba watoto."

Nikafunga kopo, nikalirudisha mahali pake.

Leo asubuhi kitufe kimekufa tena. Aliyekiua namjua. Nimeshuka kimya kimya.

Wastaafu wenzangu, kabla hamjahangaika na kocha wa kutoka nje, kwanza hesabuni bisibisi zenu.