Nilivyokaribia kufa kwa kukosa sukari nikiwa katikati ya shamba la miwa

Wakuu, habari zenu. Wale wa Kakamega, mulembe.

Nimekaa na hii stori wiki tatu. Ni yangu mwenyewe, si ya "rafiki yangu mmoja". Mke wangu ameisoma kabla sijaipandisha hapa, akafuta sehemu mbili nilizojisifu. Yaliyobaki ni kweli tupu.

Mimi ni mwalimu, nimeshapita hamsini, nakaa upande wa Butali. Shuleni ni naibu wa mwalimu mkuu, na kwetu huyo ndiye mtu wa nidhamu. Nikitokea kwenye korido, hata walimu wenzangu huchomekea shati.

Mwaka huu niliambiwa kliniki kwamba nina sukari. Nikapewa vidonge, nikaambiwa nivimeze pamoja na chakula, nipunguze wanga, nitembee kidogo kidogo, nirudi baada ya miezi mitatu. Muuguzi akaniambia pia nisikose peremende mfukoni, sukari ikishuka ghafla nitafune moja.

Mimi sikusikia "kidogo kidogo". Nilichosikia ni mguu wa baba.

Baba alikatwa mguu kwa ugonjwa huu huu. Nilikuwa nambeba mgongoni kumpeleka chooni, mtu aliyekuwa akinibeba mimi. Nikaapa kwamba miezi mitatu ikiisha nitaingia kliniki ile nikiwa mtu mpya, au nisiingie.

Nikanunua daftari. Ukurasa wa kwanza nikaandika MARUFUKU, nikapiga mstari kwa rula. Sukari, miwa, chapati, mandazi, soda, ugali baada ya saa kumi. Ukurasa wa pili nikaandika ADHABU. Chapati moja, kilomita mbili za ziada. Soda, kulala njaa.

Peremende nilizitoa mfukoni. Sikujiamini nazo.

Mke wangu aliliona daftari akaniuliza kama huyo ninayemwandikia ni mwanafunzi wa darasa gani. Nikamwambia asivunje watu moyo.

Wakuu, wiki za kwanza nilipungua kweli. Suruali zikaanza kulegea, kanisani watu wakawa wananiuliza kama niko sawa, nami nikaichukua kama sifa. Usiku nilikuwa naota ugali.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Ijumaa moja tulimuaga mwalimu mwenzetu anayestaafu. Wapishi walikuwa akina mama wa kijiji, na mnawajua akina mama wetu na kuku wa kienyeji. Nilikula chapati tatu, nikarudia mchuzi. Nilipofika nyumbani nilifungua daftari kwa hasira. Hasira dhidi ya nani, sikujiuliza.

Jumamosi asubuhi nilimeza vidonge viwili badala ya kimoja, ili kulipia zile chapati. Kisha nikaamua kutokula chochote na kutembea mara mbili ya njia yangu ya kawaida. Tafadhali msije mkafanya hivi. Nitarudi hapo.

Mke wangu akauliza kama nimekunywa chai. Nikasema ndiyo. Mtu mzima, mzee wa kanisa, nikidanganya kuhusu chai.

Njia yangu hupita katikati ya mashamba ya miwa, barabara ya vumbi wanayopita matrekta. Miwa ilikuwa imekomaa, imenipita kimo pande zote mbili. Ukiwa humo ndani huoni nyumba wala mtu, unasikia majani tu.

Nusu ya kwanza nilienda vizuri. Nilijisikia mwepesi, nikajipongeza.

Nilipogeuka kurudi, jasho lilianza. Jua lilikuwa bado halijachoma, na jasho lenyewe lilikuwa baridi. Nikasema vizuri, chapati zinatoka.

Kisha midomo ikafa ganzi. Magoti yakawa kama si yangu. Nikafika mahali njia inagawanyika, mahali ninapopita kila siku, na sikujua niende kushoto au kulia.

Nikatoa simu nimpigie mke wangu. Ikaniuliza namba ya siri. Namba ile ni mwaka niliozaliwa, wakuu. Nikasimama pale nikiitazama ile simu, na sikuujua mwaka niliozaliwa.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Akili ilikuwa imebaki chembe moja. Chembe hiyo ilikuwa inaniambia: hii ndiyo aliyosema muuguzi, tafuta kitu kitamu. Na mimi nimesimama katikati ya sukari. Ekari na ekari za sukari, imesimama wima, nikinyoosha mkono naigusa.

Sikuigusa.

Nawaambia ukweli. Niliushika muwa mmoja, nikauachilia. Kichwani nililiona lile daftari, mstari uliopigwa kwa rula, MARUFUKU, muwa namba mbili. Halafu nikawaza kwamba shamba ni la mtu, nitaonekanaje, naibu wa mwalimu mkuu akivunja miwa ya watu. Nimewaadhibu watoto wangapi kwa kosa hilo?

Mtu anakufa na bado anaangalia kanuni za shule.

Nikaendelea kutembea. Sijui kwa muda gani. Nakumbuka kuanguka kwa magoti na kuinuka, nikijiambia kwa sauti, "Amka. Amka." Sauti ile ile ninayoitumia uwanjani.

Kisha nikasikia mapanga. Chwa, chwa, chwa. Nikaifuata ile sauti, nikatokea mahali miwa imeshalazwa chini, wakataji kama sita hivi wako kazini. Mmoja akanyoosha mgongo akaniangalia. Jamaa wa miaka thelathini na kitu, kofia ya sufu, mikono imechorwa na majani ya miwa.

Akaniangalia kuanzia raba hadi kichwani. Akasema polepole, "Mwalimu. Nani amekupea punishment?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza kujibu, ulimi ulikuwa mzito. Nikaanza kupepesuka, na kicheko kikakatika.

Akatupa panga, akanidaka, akanikalisha juu ya rundo la miwa. Akawaambia wenzake kwamba hii ni sukari imeshuka, mama yake hushikwanga hivi. Akachukua muwa, akaumenya, akanikatia vipande vidogo kama vya mtoto.

Nikatikisa kichwa. Eti hapana. Eti marufuku.

"Mwalimu, tafuna," akasema. "Utaniandika baadaye."

Nikatafuna. Maji ya muwa yakashuka. Kipande cha pili, cha tatu. Mwingine akaleta chai kwenye kikombe cha plastiki, tamu ya kuumiza meno. Kidogo kidogo dunia ikaanza kurudi. Mwaka niliozaliwa ukarudi. Na jina la yule jamaa nalo likarudi: Shikuku.

Nilimfundisha. Aliacha shule kabla ya kumaliza. Siku moja alishikwa akivuta miwa kutoka kwenye trela, akaletwa kwangu.

Nikamuuliza nilimpa raundi ngapi za uwanja.

"Kumi," akasema. "Ya nane nikaanguka. Ukaniambia niamke."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa ananimenyea kipande kingine.

Nikamwomba msamaha. Akaniambia nimalize chai kwanza.

Wakaniletea na mahindi na maharagwe kutoka kwenye ndoo yao, nikala. Nilivyokuwa nakula niliwaangalia wakifanya kazi, nikagundua kitu ambacho sikukijua miaka yote niliyokaa Butali. Kila mtu ana mstari wake. Akifika mwisho wa mstari, anakaa chini, anatoa tupa, ananoa panga taratibu, anakunywa maji, ndipo anaanza mwingine. Hakuna anayeharakisha, na hakuna anayemwita mwenzake mvivu.

Nikauliza kama kunoa kote huko hakuwacheleweshi. Shikuku akacheka. Akasema panga butu hukata mguu wa mwenyewe, na kijana mgeni asiyekaa chini huwa haonekani tena baada ya wiki moja. Akarudi kwenye mstari wake.

Mguu wa mwenyewe. Nilikaa pale na sentensi hiyo mdomoni pamoja na muwa.

Walinitafutia bodaboda. Nyumbani nilimwambia mke wangu yote, kuanzia ile chai niliyodanganya. Hakunigombeza. Alikaa kitandani akanishika mguu, ule wa kulia, upande ule ule aliokatwa baba, akaupapasa kidole kwa kidole. Afadhali angenigombeza.

Kliniki nilirudi Jumatatu yake bila kungoja miezi mitatu. Nikawaonyesha daftari. Daktari alilisoma lote akauliza kama naweza kumpa mgonjwa mwingine plan kama hii. Nikasema hapana, ni ukatili. Akalifunga.

Sasa hivi nameza kidonge kimoja na chakula. Nakula ugali, kipande kidogo, na mboga za kujaza sahani. Natembea asubuhi, na nikifika kwenye jiwe lililo karibu na mtaro nakaa chini, navua raba, naipapasa miguu kama kuna kidonda. Nimeiita hiyo kunoa panga. Peremende ziko mfukoni. Siku nikila chapati, nimekula chapati, kesho yake natembea njia ile ile.

Sijapungua tena kama mwanzo. Kipimo kinachofuata ni wiki ijayo na bado naogopa, sitawadanganya. Usiku mwingine bado nauota mguu wa baba.

Shuleni raundi za uwanja nimezifuta. Walimu wenzangu wanasema nimezeeka.

Funzo langu ni hili tu: nilidhani naukimbia ugonjwa, kumbe nilikuwa naukimbiza mwili uwanjani, na ulipoanguka nikauambia uamke. Ulikuwa umenibeba zaidi ya miaka hamsini.

Wenye uzoefu wa sukari naomba ushauri, na wenye matusi pia karibuni, daftari la adhabu sina tena. Lakini kama uko humu unasoma hii hujala tangu jana kwa sababu ya kitu ulichokula juzi, nenda ule kwanza. Kisha rudi utuambie hapa chini: nani amekupea punishment?